Taa Niliyoing'oa

Kaka Ezekia,

Shikamoo. Mgongo wa mama umepoa? Na wewe, vumbi la Chapwa limekuachia kikohozi? Mimi huku Kitwe mwili ni mzima, ila roho haitulii. Kila nikishika spana naiweka chini.

Tangu uliponiambia kwamba mwisho wa mwezi utampeleka mama kwa gari lako harusini Kamsamba, na kwamba atakaa mbele kama mkubwa anavyostahili, sina raha. Juzi nilikupigia simu nikueleze, nikaishia kuuliza habari za mahindi. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka ulipogonga lile tela la trekta, eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, zikafumuka? Nilikuambia nimeweka nyingine. Nilikudanganya. Mifuko iliyofumuka niliikata, nikabandika vifuniko kwa gundi na kuvipaka rangi. Mkanda wa kiti cha mbele kushoto ulikuwa umechanika, nikampelekea fundi viatu wa pale stendi akaushona, nawe ukausifu mshono wake. Tulicheka sana siku ile. Taa ya eabegi kwenye dashibodi ilikataa kuzima, nikaing'oa. Ukifungua swichi inatakiwa iwake kidogo, halafu ijizime. Yako haitawaka kabisa.

Wiki hii mteja ameleta gari lililogongwa. Nilipojitolea kuushonesha mkanda, mzee mwenye gereji alichukua kisu. Aliukata vipande viwili mbele ya mteja, akasema, "Huu umeshamaliza kazi yake." Baadaye akanieleza kwamba mkanda uliokaza kwenye ajali, hata ukionekana mzima, hubadilishwa wote pamoja na kifungio chake. Nilitoka nje nikazunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliona aibu, kaka, na hofu zaidi.

Dereva wa lori aliyekupa barua hii anayo mikanda miwili mipya. Usimpe fundi yeyote aifunge. Nakuja kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na eabegi mpya nitakuja nazo, ila sitawahi harusi. Gari lisitoke uani, nendeni na basi. Nitukane utakavyo, lakini funguo mpe shemeji azifiche.

Nisalimie shemeji huyo, na mjomba wa Galula anayesema pikipiki yake haihitaji breki.

Mama atauliza kwa nini amenyimwa kiti cha mbele. Usinifichie. Mkalishe ndani ya gari hapo hapo uani, ufungue swichi, aione mwenyewe taa isivyowaka.

Mdogo wako aliyekukosea,
Elia