Papa, Pita Tena Juu ya Nyalukemba

Papa mpenzi,

Nakuandikia kwa sababu ya Maman. Hataki tena kula jioni, na sababu yake unaijua wewe kuliko daktari.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi? Nchi ilikuwa changa, wengi bado hawajashika maneno yote ya wimbo wake, na wewe na wenzako mlikuwa mmetolewa kwenye madawati ya misheni mkapewa ndege. Dakota yako ilikuwa nzee. Chini ya rangi mpya ya bendera yetu ilionekana bado alama ya jeshi lingine, na siku uliyotupeleka uwanja wa ndege wa Kavumu kuiona nilikuuliza kama mwenyewe hatakuja kuidai. Ulicheka mpaka ukavua kofia. "Ile machine haiogopi mvua wala wenyewe," ukasema, "inaogopa miye tu."

Kabla ya kutua ulikuwa unapita kwanza huku kwetu Nyalukemba, chini chini juu ya ziwa, unainamisha bawa moja, halafu la pili. Mimi nilikuwa nakimbia uani kukupungia mfuniko wa sufuria, ule ule ulionifundisha kuushika kama usukani nikiwa kwenye mapaja yako. Maman hakupunga. Alikuwa anatia maji motoni. Majirani, ambao walikuwa wamekwisha kula zamani, walimtania, lakini yeye alishikilia lake: "Miye siwezi songa bugali kama siyasikia motere ya ndege." Gari ya jeshi ilipokufikisha kutoka Kavumu, bugali ilikuwa ndiyo kwanza inapakuliwa, na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, bado zinalia kwenye mafuta.

Naviona vyote kama kupitia moshi wa mbabula, lile jiko letu la uani: buti zako mlangoni, harufu ya mafuta ya ndege shingoni mwako, Maman akikunawisha mikono. Kuna siku sijui tena kama nakumbuka au naota.

Halafu ulipeleka chakula cha askari upande wa Shabunda, na msitu haukukurudisha. Wenzako walikuja kofia mikononi. Maman aliwapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia maji hajaweka bado. Tangu hapo kila ndege ya jioni iliyopita juu yetu, ya mapadri, ya wafanyabiashara, ya nani sijui, ilimtosha. Alisikia motere, akaweka maji, akasonga, akafunika sahani yako kwa sahani nyingine, ndipo akala. Amezeeka hivyo, Papa. Sisi watoto tulizoea. Asubuhi tulikuwa tunagombania sahani yako.

Sasa uwanja umefungwa, Kavumu kumenyamaza. Ndege hazipiti tena. Jioni Maman anakaa uani, macho juu, mbabula baridi. Nimembembeleza, nimemkasirikia, nimempikia uji wa soya, nimemwita hata pasteur. Ananijibu kwa upole, "Tungoje kidogo." Mikono yake imekuwa myepesi hata naogopa kuishika. Na wewe pia nilikukasirikia, nakuambia ukweli. Nilisema moyoni: huyu mtu angalau angepita.

Jana mchana alisinzia kwenye kiti chake. Ziwa lilikuwa limetulia, hakuna hata pikipiki barabarani. Akafungua macho, akatabasamu kama mtu aliyeitwa.

"Umesikia?"

Sikuwa nimesikia kitu.

"Papa yako amepita. Ameinamisha mabawa yote mbili. Weka maji."

Nikawasha makala ya mbabula, nikaweka maji. Nikasonga mimi, maana yeye hana tena nguvu za mwiko. Na alikula, Papa. Alikula kidogo, lakini sambaza aliomba tena. Nilipochukua sahani nyingine nifunike yako, akanishika mkono.

"Acha. Hatatua. Amepita tu kutusalimia. Kula weye."

Nikala sahani yako ingali moto, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, machozi yakinitoka, na Maman akanitazama mpaka nikamaliza.

Basi nakuomba jambo moja. Leo jioni pita tena. Usijali kama mimi sitasikia. Yeye atasikia kwa ajili yetu wote wawili. Nitakuwa uani na ule mfuniko mkononi, na maji yatakuwa tayari kwenye sufuria.

Kopiloti wako,
binti yako wa kwanza