Jeki Iliyompeleka Spana Gerezani

Chumba cha uani, nyumba yetu ile ile,
Jumatano, tarehe 14, mwezi wa tano.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta miguu imepungua kuvimba na lifti ya jengo lenu imetengenezwa, maana mara ya mwisho ulisema unapanda ghorofa tano ukisimama kila ngazi ya kumi kama gari bovu. Sisi huku ni wazima wa kutembea. Wifi yako, Mama, presha imeshuka kidogo na ulimi haujashuka hata nukta. Mimi bado nipo kwenye kibanda changu cha kupiga chapa mbele ya mahakama, naandikia watu maombi na viapo, macho yakianza kugoma.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Nimeusikiliza mara tatu, pale unaponisihi nimsamehe yule afisa. Nimeona nisikujibu kwa simu, kwani ungenikatiza, nami ningelia. Soma mpaka mwisho, kisha useme wewe ungefanyaje.

Spana, kitinda mimba wetu, alikosa. Hilo sifichi. Alimvunja mtu taya kwenye ugomvi wa gereji, akakiri, akapewa kifungo cha nje cha miezi kumi na minane. Kila asubuhi alifagia zahanati kabla ya kwenda kazini, na kila Jumanne aliripoti kwa afisa wake, Chumba Namba Sita, ghorofa ya kwanza. Miezi kumi na mmoja, Shangazi, hakukosa Jumanne hata moja, hata ile aliyokwenda na homa, meno yakigongana.

Mwaka jana waliwaletea maafisa hao akili bandia. Simu inawekwa mezani, inasikiliza mazungumzo, kisha inaandika ripoti yenyewe na kumpaka mtu rangi: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Sina ugomvi na chombo. Kinamkumbusha Spana siku ya kuripoti, na afisa mwenye watu mia na arobaini wa kuangalia anahitaji msaada kweli. Lakini kisu hakijichomoi chenyewe alani.

Jumanne moja afisa alimuuliza alifanya nini mwishoni mwa wiki. Spana akajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: "Jumamosi nilimpiga jeki Mzee Plagi, kazi ilikuwa imemzidi. Tukamaliza jioni." Mzee Plagi ndiye mwenye gereji, yule aliyemfundisha Spana kazi tangu hajui kushika bisibisi.

Unajua chombo kiliandika nini? Nakunukulia, kwa sababu nimeipiga chapa sentensi hiyo mpaka naiota: "Mhusika amekiri kumpiga mwajiri wake siku ya Jumamosi kwa kutumia jeki. Tukio lilimalizika jioni." Rangi nyekundu. Na afisa, mtu mzima aliyezaliwa na kulelewa katika Kiswahili hiki hiki, akabonyeza pa kuidhinisha.

Ijumaa asubuhi polisi wawili wakafika gereji. Mzee Plagi alikuwa amelala chini ya gari. Alipotoka na kuambiwa Spana anakamatwa kwa kumpiga mwajiri wake, akajipapasa kichwa, mbavu, magoti.

"Mwajiri wake ni mimi," akasema. "Mbona mwenyewe sina habari kwamba nimepigwa?"

"Sisi tumeletewa karatasi, mzee."

"Na mimi nimeletwa na nani? Si nipo hapa mbele yenu?"

Walimchukua Spana hivyo hivyo, na mikono yake ya grisi. Mafundi wenzake walicheka, wakidhani atarudi mchana. Hakurudi kwa siku arobaini na sita.

Mchana huo huo nilipanda ngazi mpaka Chumba Namba Sita. Afisa alinipokea vizuri, hilo nalo linaniuma. Akanikaribisha kiti, akazungusha feni inielekee. Nikamwambia kumpiga mtu jeki ni kumsaidia, na kwamba mpigwaji yuko chini, mlangoni, mzima wa afya, apande atoe ushahidi. Hata dirishani hakuchungulia.

"Dada, mfumo ndio ulioandika," akasema. "Mimi nimeidhinisha tu. Nani atabishana na mfumo?"

Shangazi, nilimtazama yule mtu, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni, nikaapa kimoyomoyo kwamba nitamfanya ajute hizo kalamu. Sikutukana. Niliaga kwa adabu, kama ulivyotulea.

Siku ya tisa gerezani kulitokea msukumano kwenye bomba la maji, na lango la chuma likambana Spana mkono wa kulia. Walimfunga kitambaa. Alipopigwa picha ya mifupa zilikuwa zimepita wiki tatu, na vidole viwili vilikuwa vimeshaunga kama vilivyotaka vyenyewe. Nilikwenda kumwona akauficha mkono nyuma. Akaniuliza Mama anaendeleaje. Mimi nikamuuliza anakula nini. Hakuna aliyeutaja mkono mpaka kengele ikalia.

Tangu siku hiyo sikulala ili nipumzike, nililala ili niamke nimtafute yule afisa. Niligundua sauti za mazungumzo huhifadhiwa siku sitini, kisha hufutwa. Nikaomba. Wakasema njoo wiki ijayo. Nikaja, wakasema ombi halina muhuri. Nikapiga muhuri, wakasema mwenye funguo za mfumo yuko semina. Waliniona mpiga chapa wa kibandani. Walisahau kwamba nimepiga chapa malalamiko ya nusu ya mji huu na najua kila barua inakwenda meza gani. Nilipeleka nakala sita ofisi sita kwa siku moja, na kiapo cha Mzee Plagi juu ya kila moja. Siku ya arobaini na moja wakanipa sauti.

Hakimu aliisikiliza mara mbili mbele ya watu. Ya pili ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia afisa.

"Kiswahili unakijua?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kumpiga mtu jeki ni nini?"

"Ni kumsaidia, mheshimiwa."

"Sasa uliidhinisha nini?"

Akainama akizishika kalamu zake mbili. Shangazi, nilimnywa kwa macho kama maji ya mtungi! Mama alinifinya paja akiniambia nisitabasamu mahakamani. Nilitabasamu.

Spana akatoka siku ile ile, aendelee na kifungo chake cha nje pale kilipokatika. Watu wakanipongeza, wakasema basi, yameisha. Yameishaje? Mkono wa fundi hauwezi tena kushika nati ndogo, halafu yaishe kwa kupeana mikono?

Niliomba kumbukumbu za mfumo. Mchana ule wa ripoti ya Spana, afisa aliidhinisha ripoti sitini na tatu kwa dakika kumi na tisa. Piga hesabu mwenyewe, hata sekunde ishirini kwa ripoti moja hazifiki. Na mwongozo wa kazi yao, ukurasa wa tatu, unasema wazi kwamba chombo ni msaidizi, afisa asome, ahakikishe na amsikilize mhusika kabla ya hatua yoyote. Niliziweka karatasi hizo mbili bega kwa bega kwenye ukurasa mmoja, herufi kubwa, nikawagawia wote waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la Chumba Namba Sita. Wiki ile kibanda changu kilijaa. Nilimpigia chapa malalamiko kila aliyekuja. Wanne walikuwa na ndugu waliorudishwa ndani kwa rangi nyekundu. Ndugu wawili kati ya hao wameshatoka.

Kamati ya nidhamu ikakaa, ikaniuliza familia inataka nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema afukuzwe. Spana alishanisihi njiani: "Dada, ana watoto." Lakini si hilo lililonibadilisha, nisikudanganye. Nilimtazama afisa amekaa pale ameinamisha kichwa, nikaona kwamba mtu akifukuzwa hupumzika. Angekwenda kwao, akatafuta kazi nyingine, akamsahau Spana. Nami sitaki asahau.

Kwa hiyo nikasema abaki. Chombo kiendelee kuandika, sawa, lakini kabla ripoti haijatumwa amsomee mhusika neno kwa neno, kwa sauti, mbele ya ndugu akiwepo, wote wawili watie sahihi. Rangi aipange yeye na aandike sababu kwa mkono wake. Na asirudishwe mtu gerezani kabla hajapigiwa simu yule anayedaiwa kudhuriwa. Kamati ikakubali, tena kwa maafisa wote. Na kwa mwaka mzima yeye mwenyewe ataripoti kila Alhamisi kwa mkuu wake na mafaili mkononi, yakaguliwe. Mwosha huoshwa. Naye sasa yuko kifungo cha nje.

Kila Jumanne nafunga kibanda, naandamana na Spana. Nakaa kwenye kiti kile kile alichonikaribisha afisa siku ya kwanza. Jumanne ya kwanza afisa alimeza neno moja mstari wa tatu, nikamwambia arudie mstari mzima. Akarudia. Katikati ya kusoma akatafuta maji, na jagi lilikuwa kando ya kiwiko changu. Sikulisogeza. Mama anasema huo ni ukatili, na anamwombea yule bwana kila siku. Amwombee. Kazi ya kusamehe nimewaachia nyinyi wawili, mna moyo nayo.

Sasa nikwambie ya jana, kisha nifunge.

Jana Spana alisema kwamba kazi ya mikono imemshinda. Afisa akawa anasoma, akafika mahali chombo kimeandika: "Mhusika ameacha kazi." Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaacha kusoma mwenyewe. Akautazama mkono wa Spana uliokuwa juu ya meza, akauliza taratibu, "Hapa ulikuwa na maana gani?"

Spana akamweleza kwamba bado yuko gereji kwa Mzee Plagi, ila sasa anapokea wateja na kusikiliza injini, nati wanafunga wengine. Afisa akaikata ile sentensi kwa kalamu, akaandika kama alivyoambiwa, akaendelea kusoma.

Nilitazama saa ya ukutani. Kuuliza na kujibiwa, vyote pamoja, havikufika nusu dakika.

Nusu dakika, Shangazi. Nilishuka ngazi nikakaa kwenye ile ya mwisho, nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti. Spana alidhani moyo wangu umelainika. Hapana. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu bei ya vidole vya mdogo wangu, na ilikuwa ndogo kiasi kile, na yule mtu alikuwa nayo mfukoni siku zote.

Usiniombe tena nimsamehe. Niombee afya, zimebaki Jumanne kumi na nne za kifungo cha Spana.

Mama anakusalimu na anasema umrudishie shuka lake la maua, hajasahau. Spana anakusalimu, hii bahasha ameiandika anwani yeye, kwa mkono wa kushoto, usishangae mwandiko. Mzee Plagi naye anasema ukija atakupokea stendi kwa gari linalowaka. Nisalimie binamu zangu wote na jirani yako anayekubebea mizigo.

Mwenyezi Mungu akuzidishie pumzi za kupandia ngazi hizo, na akukinge na kila anayesaini asichokisoma.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote, hata huu wenye hasira,

Mpiga Chapa