Sikio Moja, Ahadi Mbili

Nandagala, Jumatano mchana

Selemani, mtani wangu,

Nilikupoteza wakati mahindi yanatoa mbelewele, siku ile mvua ilipoikata njia ya hospitali ya Mnero na sisi tumekubeba kwenye machela ya mwanzi. Hatukufika. Siku hiyohiyo nilipoteza mtu pekee Nachingwea nzima aliyejua kwa nini fundi wa matrekta akusanye nyaya nyembamba kama nywele. Sasa ufuta umeshavunwa na bado sina wa kumuuliza, kwa hiyo nakuuliza wewe. Usinikasirikie. Mwenye haki ya kukasirika hapa ni mimi.

Nianze na habari. Karakana yetu inafungwa. Yale matrekta tuliyolala chini yake tukimwagikiwa na oili yamepangwa uwanjani yakiota kutu, na sisi tunapunguzwa kwa mafungu. Fungu langu limefika. Mjomba wako alikuja baada ya arobaini kuchukua vyako, ndiyo desturi ya kwenu Wamwera, wala simlaumu. Alichukua nyundo, koleo, msumeno, baiskeli, na lile koti la mvua. Vile visikilizio vyetu vya kuvaa kichwani, tulivyovitoa kwenye redio ya gari la jeshi, alivigeuza mara mbili tatu akauliza, "Huu mtego wa panya mbona hauna chambo?" Akanitupia. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukakohoa.

Ndivyo vilivyobaki. Na unajua mwenyewe kwamba linalosema ni sikio moja tu. La kushoto nimelifungua tena, waya wake wa ndani umekatikia katikati ya maelfu ya mizunguko, na waya mwembamba kiasi kile haupo kati ya hapa na Lindi. Nilijaribu kutengeneza jingine kwa sumaku ya magneto ya trekta na kifuniko cha kopo. Linalia kama mbu aliyekwama kwenye chandarua. Nimelitupa.

Hesabu yangu basi ni hii: sikio moja, valvu moja nzima, kipaza sauti cha ile simu mbovu ya karakana, transfoma yako, na betri ambazo zikigawanywa mara mbili hazifai popote. Kwa vitu hivyo najenga chombo kimoja. Kimoja, Selemani. Wewe uliahidi viwili.

Mimi uliniahidi redio ya valvu. Ile ya kwanza, ya jiwe na pini, ilituletea Dar es Salaam kama mtu anayeongea ndani ya mtungi uliofunikwa, nawe ukaniambia, "Mngoni, ijayo itasema kama imekaa chumbani, na wewe ndiye utakayeipeleka Lindi. Babu zako walikuja kutuvamia bure, angalau wewe uondoke na kitu." Sawa. Lindi imeniita. Mwenye duka la redio kule amenitumia neno kwamba nije na chombo nilichojenga kwa mikono yangu, akivae, asikie. Akiridhika ananipa meza ya ufundi. Cheti sina. Darasa niliachia la pili, yaliyobaki nimejifunza kwa kuunguza vidole. Chombo ndicho cheti changu. Lori la ufuta linapita Ruangwa keshokutwa, Ijumaa, baada ya swala. Nimeshakata kipande cha mwanzi cha kuzungushia koili, mizunguko tisini ya kunasia kituo na ishirini na tano ya kurudisha nguvu kwenye valvu, kama ulivyochora chini kwa kijiti. Mchoro ninao kichwani. Kinachokosekana ni ruhusa.

Maana mama yako ulimwahidi masikio.

Unakumbuka ulivyomjaribia hapa hapa barazani ninapoandikia. Kipaza sauti cha simu, betri, na ile transfoma uliyoizungusha mwenyewe, mizunguko mia upande mmoja na elfu mbili upande wa pili. Ulimvisha, ukavuta waya mpaka nyuma ya jiko, ukasema taratibu, tena taratibu sana, "Mama, kuku wako wamo kwenye mtama." Bi Somoe akageuka kwa hasira: "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi." Akakishika chombo kwa mikono yote miwili kichwani, kama mtu anayezuia mzigo usidondoke. Nawe ukakibomoa siku ileile, eti huwezi kumpa mama kitu kisicho na boksi. Boksi, Selemani. Boksi lenyewe hukuwahi kulitengeneza, umelala nalo huko, hatukuliona.

Ijumaa iliyopita nilikuja kumjulia hali. Sasa hasikii hata mlango. Watu wakimpa pole anawaitikia marahaba, halafu anaona nyuso zao na kuinamisha kichwa. Ameacha kutoka kwenda kisimani na wenzake. Aliona visikilizio mkobani mwangu, akavichukua bila kuomba, akavivaa, waya unaning'inia hewani haujaungwa na kitu chochote. Akakaa. Mimi nikakaa. Jua likahama kutoka kizingitini hadi kwenye kinu, ndipo akavivua akaniuliza:

"Sauti ya mwanangu ilikuwa humu. Umeihamishia wapi?"

Nilitikisa kichwa, nikaonyesha waya, nikapiga kelele hadi majirani wakachungulia. Asiyesikia unamwelezaje kwamba chombo hiki hakitunzi sauti, kinapitisha tu? Kilichopita kimepita. Anaamini nimekuficha mahali. Ananiangalia mikono nikifungua mkoba.

Ndiyo maana sipati usingizi, wala si Lindi peke yake. Nikimjengea, nitamvisha, nitasema "Mama", na atakachosikia ni Mngoni wa Songea mwenye sauti ya kukwaruza. Nitakuwa nimempa masikio ya kusikia kwamba hupo. Na nisipomjengea, ataishi akidhani nimeondoka na wewe kwenye mkoba. Nimepiga hesabu pande zote, kila upande unabaki na deni, na aliyelikopa yuko chini ya udongo hana wasiwasi.

Sasa mama yako amesema tukuulize. Jioni hii atamwaga unga wa mtama kichwani pa kaburi lako, rundo dogo lenye ncha, aufunike kwa kibuyu kilichokatwa, na asubuhi tutafunua. Ukiwa umesimama, umekubali. Ukiwa umemomonyoka, umekataa. Sheikh wa hapa hapendi mambo haya, lakini mama yako hamsikii sheikh. Mimi ungeniuliza mwaka jana ningekwambia huo ni mchwa na umande. Leo nimemsagia unga mwenyewe. Ameniambia swali nilitamke mimi, kwa sababu ndiye niliyefanya kazi nawe.

Unga unajua ndiyo na hapana tu, kwa hiyo nimelinyoosha swali ili usipate pa kujifichia: visikilizio vibaki Nandagala?

Ukisema ndiyo, nitaunga transfoma yako na kipaza sauti, na lori litapita Ruangwa bila mimi. Nitatafuta kibarua cha mikorosho. Kila siku nitakaa barazani niseme naye, nimsomee majina ya wanaokuja kumsalimu, nimtanie kwa niaba yako, mpaka siku atakayonikaripia kwamba nampigia kelele. Hiyo naahidi. Ukisema hapana, ninakwenda, na sikio la kwanza nitakalolipata Lindi litarudi huku kabla sijanunua shati. Hiyo pia naahidi, ila nakuonya, amezeeka, na masikio yake hayasubiri meli ya vipuri.

Na boksi nitamtengenezea, la mninga, lenye bawaba. Hutasema nilimpa mama yako kitu uchi.

Pumzika, mtani. Nimekukumbuka hadi nimechoka na nitaendelea. Jembe la kaburini nimelirudisha kwa wenyewe, na miche ya mihogo uliyoiacha ninaimwagia maji mimi, kwa hiyo huna kazi nyingine usiku wa leo isipokuwa hii moja.

Kesho Alhamisi, kabla jua halijatoka, ninafunua kibuyu. Kuunganisha kunataka mchana mzima, usiniletee jibu saa sita. Wala usiuangushe upande mmoja ukaacha upande mwingine umesimama. Nusunusu zako zimenitosha. Vibaki au viende? Alfajiri, Selemani. Nitakuwa nimechuchumaa pale pale, na mama yako pembeni yangu, anatazama mdomo wangu.

Yusufu, Mngoni wako