Hilal na Wazee wa Ijumaa

Jumapili, 5 Februari 2017

Asubuhi na wale wadogo wa hoki. Kufunga kamba za viatu, kupangusa makamasi, kuinua walioanguka. Vidole vimekufa ganzi kama kawaida. Huko nje kwenye maduka watu wanatembea na fulana, humu kwenye uwanja wa barafu mimi na sweta mbili.

Kisha Viktor, kocha mkuu, akaja na gazeti. Picha ya Hilal nusu ukurasa. Ati kijana wa Dubai atakayetikisa hoki ya Ulaya. Ana miaka kumi na mitano! Viktor amelibandika mlangoni kama tangazo la harusi.

Mwisho wa mwezi anakuja mama mmoja kutoka chuo cha hoki huko kaskazini ya Ulaya kumtazama. Chuo kinataka pia maoni ya kocha anayemfundisha kila siku. Huyo ni mimi. Viktor anataka niwe nimeandika kufikia Alhamisi. Akaongeza, "Sema kwamba ni wa kipekee."

Kama anajua cha kusema, si aandike mwenyewe.

Jumanne, 7 Februari

Leo nimemtazama Hilal kana kwamba simjui. Nilijilazimisha.

Amenipita urefu. Ananyoa ndevu. Wenzake wengi bado wana sauti za kitoto. Anakichukua kile kisahani cheusi tunachochezea, katikati ya uwanja, anainamisha kichwa, anakwenda moja kwa moja. Wenzake wanatawanyika kama kuku. Anapiga. Goli. Kila mara vilevile. Hainui macho. Hatoi pasi. Akinyang'anywa, harudi kukaba, anasimama na kuninunia mimi. Kugeukia kushoto ni shughuli nzima, kama lori kwenye kichochoro.

Lakini shuti lake. Sijaliona kwa mtoto mwingine yeyote hapa. Hilo ni lazima niliseme.

Mtoto mmoja wa Kifilipino, mdogo kabisa, alimkosea pasi. Hilal akamwambia aende akacheze na midoli. Nikamtoa nje. Akatoka anacheka. Na baba yake kule juu kwenye viti akapiga makofi. Alikuwa anashangilia nini?

Alhamisi, 9 Februari

Nimeandika. Kwamba amekomaa mapema, ni mwanamume anayecheza na watoto. Kwamba hakuna aliyewahi kumlazimisha kufikiri. Kwamba wenzake watamfikia kimo, na siku hiyo ndipo tutajua ana nini. Kwamba shuti ni la ajabu. Kwamba kwa sasa siwezi kumpendekeza.

Viktor alisoma amesimama. Shingo ikawa nyekundu.

"Unataka kumuua?"

"Sitaki wamuue huko."

"Futa."

"Sifuti."

Anwani ya chuo nilipewa mimi. Nikatuma.

Jumamosi, 11 Februari

Nimeitwa nyumbani kwao Hilal, Mirdif. Sikuombwa, nimeitwa. Dereva akatumwa kunichukua kama mzigo.

Ni watu wenye asili ya Unguja. Baba, Bwana Rashid, amezaliwa hapa hapa. Mama yake, Bi Salma, alikuja msichana na Kiunguja chake hakijaguswa. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaniitikia vizuri, akanisogezea chai ya tangawizi. Bwana Rashid hakunisalimu.

"Hebu nambie," Bwana Rashid akaanza. "Wewe Mkenya, barafu umejifunzia wapi? Kwenye friji?"

Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba nitakuwa mpole. Upole ukaishia hapo.

Nikamwambia nimejifunzia Nairobi, kwenye uwanja wa hoteli ambao haufiki hata nusu ya ule wa hapa, uwanja ambao ukipiga kwa nguvu kisahani kinakurudia mwenyewe. Nikamwambia nimecheza beki tangu nikiwa msichana. Kazi ya beki ni kuwasoma watu kama mwanawe. "Na mwanao nimemsoma. Ningemsimamisha hata leo."

Nikageuka. Hilal alikuwa kwenye ngazi, ameshika glasi ya maji. Alikuwa amesikia yote.

Bi Salma akaniuliza, "Mwanangu, ataweza au hatoweza?"

"Sijui, bibi. Hajakutana na mtu wa kumzuia. Mpaka akutane naye, hakuna anayejua."

"Khalas, yameisha," Bwana Rashid akasema, akatoka. Dereva hakurudi kunichukua. Nilitembea juani mpaka kituo cha basi, naongea peke yangu. Mhindi mmoja akanipisha njia.

Jumatatu, 13 Februari

Viktor amenitoa kwenye timu. Wadogo tu kuanzia leo, asubuhi na jioni. Akanikumbusha, tena akitabasamu, kwamba mkataba wangu unaisha Juni. Mkataba ukiisha na viza imeisha. Hakuhitaji kulisema hilo.

Nimerudi nyumbani Deira na kuosha vyombo vyote vya nyumba, hata visivyo vyangu. Asha, Mmombasa ninayekaa naye chumba kimoja, akauliza sufuria imenikosea nini. Nikamjibu vibaya. Nitamwomba radhi kesho. Leo siwezi kumwomba mtu yeyote radhi.

Hasira yangu haina pa kukaa. Nimesema kweli na nimeadhibiwa kama mwizi.

Jumatano, 15 Februari

Wadogo walipotoka, Hilal alikuwa amesimama kwenye kizuizi. Peke yake.

"Ulisema ungenisimamisha."

"Nilisema."

"Kocha, si wewe ushakuwa mzee?"

Nina miaka thelathini na minne! Nikamwambia mimi sina haja ya kuvaa viatu kwa ajili yake. Ijumaa baada ya sala kuna watu wazima wanaocheza kujifurahisha tu. Aje acheze nao. Na aje na mtu wa kwao, sitaki kusikia nimeiba mtoto wa watu.

Akasema baba yake hatakubali. Nikamwambia baba yake si mtu pekee nyumbani kwao. Akaondoka bila kuaga. Hana adabu. Lakini amekuja mwenyewe, na hilo sikulitegemea.

Ijumaa, 17 Februari

Alikuja na bibi yake. Bi Salma kavaa jaketi la mjukuu juu ya buibui, kakaa wima, anatazama kila kitu.

Hawa wazee wa Ijumaa si lolote. Madaktari, mafundi, mwalimu mmoja, na Saeed, polisi mwenye tumbo ambaye akikaa benchi linalia. Kugongana hawaruhusu. Wanacheza, wanacheka, wanakula tende.

Hilal akachukua kisahani, akainamisha kichwa, akaenda moja kwa moja. Saeed akanyoosha gongo lake, akamnyang'anya. Hakukimbia hata. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Hilal akajaribu kwa nguvu, akajikuta amekaa kwenye barafu na Saeed ameshafika upande wa pili. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyempigia makofi. Walimchukulia kama mchezaji mwingine yeyote, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kabla hata hawajapumzika akatupa gongo lake, likaruka mpaka kwenye viti. Akaenda kuvua viatu.

Nilifurahi. Naandika hapa maana hapa sidanganyi. Nilifurahi mpaka masikio yakawa moto.

Bi Salma akageuka. "Umefurahi, mwanangu?"

"Hapana, bibi."

"Nimekuona."

Aliokota gongo la mjukuu wake, akalipangusa kwa kanga aliyokuwa nayo mkobani. Nilitaka ardhi inimeze. Nimekasirika tena, lakini leo aliyenikasirisha ni mimi.

Jumapili, 19 Februari

Hilal hakuja mazoezini. Bwana Rashid akapiga simu: kijana kajifungia chumbani, hali na mtu, hasemi na mtu. "Umenivunjia mtoto!" Akakata kabla sijajibu.

Ningemjibu hivi: umemlea kwa makofi, halafu unashangaa hajui kuanguka. Sikupata nafasi. Nimejibu hapa.

Viktor kanifuata mpaka kwa wadogo. Yule mama akifika na Hilal hayupo, nisahau habari za mkataba. Alisema mbele ya watoto. Watoto wakaniangalia.

Na Hilal naye nina hasira naye. Ameguswa mara moja tu, kakimbia. Ndiye huyo wa gazeti.

Alhamisi, 23 Februari

Bi Salma kapiga simu. "Anauliza kesho mnaanza saa ngapi."

Basi, ni hilo tu. Nikamwambia. Akashukuru, akakata.

Ijumaa, 24 Februari

Amekaa mpaka mwisho.

Hakufunga hata goli moja. Alinyang'anywa tena na tena. Alianguka, akatukana chinichini, akainuka. Saeed anampigia kelele kila akipita: "Macho juu, ya walad! Macho juu, kijana!"

Karibu na mwisho Hilal akayainua. Nilimwona akiyainua. Saeed alikuwa peke yake kulia, na Hilal akamsukumia, pasi laini, kama mtu anayesogeza sahani mezani. Saeed akafunga. Kisha tumbo lote lile likaja likamkumbatia, likamwinua juu.

Hilal alicheka. Si kile kicheko chake cha dharau. Alicheka kama mtoto, na ndipo nilipokumbuka kwamba ni mtoto. Kwa ndevu zile nilikuwa nimelisahau, mimi mwenyewe niliyeandika ukurasa mzima kwamba watu wanalisahau.

Jumanne, 28 Februari

Siku yenyewe. Yule mama kutoka Ulaya ni mzee kuliko nilivyodhani, anachechemea, anaitwa Ingrid. Alikaa peke yake kona ya juu. Bwana Rashid alikuwa amemwekea kiti cha mbele. Hakukitazama.

Mechi na timu ya Abu Dhabi. Hilal akafunga mawili haraka, kwa njia ile ile ya zamani. Viti vikalipuka. Halafu akaanza kutoa pasi. Wenzake hawakuwa tayari. Lini wamewahi kupewa na Hilal? Kisahani kikawapita miguuni, kikawagonga magoti. Bwana Rashid amesimama, anapiga kelele, "Piga mwenyewe! Piga mwenyewe!" Hilal akampa yule mdogo wa Kifilipino, akakosa. Akampa tena, akakosa tena. Akampa mara nyingine. Mtoto akafunga.

Tukapoteza mechi.

Ingrid akanitafuta. "Uliandika kwamba haoni wenzake. Leo nimemwona akiwaona."

"Ameanza juzi Ijumaa," nikamwambia. Sikutaka kudanganya hata sasa.

Akasema miguu bado mizito, mwaka huu hamchukui. Tumtumie picha za mechi zake mwakani. Kisha akasema, "Barua yako ilikuwa ya kweli. Ilikuwa na hasira pia." Yote mawili ni sahihi.

Bwana Rashid alinikuta kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo. Watu wote wapo.

"Umemfundisha kugawa bahati yake!"

Nikalipuka. "Bahati gani? Ya kuwaonea watoto? Unamtaka awe nani, wewe? Utampigia makofi mpaka lini?" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Viktor ananivuta mkono, namsukuma.

"Baba, basi."

Hilal. Jasho, nywele zimelowa, viatu bado mguuni.

"Pasi nimetoa mimi. Sikuambiwa na mtu. Nimetaka mwenyewe."

Bwana Rashid alimtazama muda mrefu. Akachukua begi la mwanawe, akalitia begani, akatangulia kutoka.

Ijumaa, 10 Machi

Kimya kidogo wiki hii. Viktor hasemi habari za Juni, nami siulizi. Nimemwomba Asha radhi, nimechelewa. Akasema alishasahau.

Leo nilikwenda kuwatazama wazee. Hilal yuko nao. Alinyang'anywa, akanyang'anya, akakosa goli la wazi, Saeed akamtania. Sijui kama atafika anakotaka. Miguu bado mizito. Huenda shuti lile likampeleka mbali, huenda likaishia hapa hapa na polisi na madaktari. Sijui, na leo kutokujua hakuniumizi.

Bwana Rashid alikuja peke yake. Alisimama kwanza mlangoni, kisha akaja akakaa benchi langu, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Alinisalimu. Nikaitikia. Hakupiga makofi hata mara moja.

Baada ya muda akauliza, bila kunitazama, "Nyinyi mabeki huwa mnatazama nini? Mikono?"

"Kifua," nikamwambia. "Mikono inadanganya. Kifua kinakwenda anakokwenda mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Hilal akaja upande wetu na kisahani, akageukia kushoto, polepole, bila kuanguka. Baba yake akainama mbele, anamtazama kifua.