Kigingi cha Nguzo ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Nimeiba karatasi ofisini. Sijamwambia mtu mwingine. Haya, sasa nikusalimu: hujambo? Kifua kimepona? Sisi wazima, mama anakusalimu, na babu anasema umemsahau.

Kazi yangu ni kwenye masijala ya wahandisi wa mji. Napanga michoro ya zamani ya daraja, maana Jumamosi linatimiza miaka hamsini na kuna maonyesho. Bosi, tunayemwita Mzee Rula kwa jinsi anavyonyoosha kila kitu mezani, alinipa sanduku la nguzo ya tatu. Alisema niheshimu vumbi lake, ni vumbi la babu yangu.

Unajua daraja linavyopinda katikati. Shuleni tuliambiwa lilichorwa hivyo lipendeze. Madereva husema ni la kupunguza mwendo. Babu, kwa kuwa alisimamia waashi waliolijenga, ndiye ameitwa Jumamosi aelezee mpindo huo mbele ya watu.

Basi nikakuta mchoro wa kwanza kabisa. Daraja limenyooka kama uzi. Nyuma ya karatasi mhandisi ameandika kwa wino mwekundu kwamba mafuriko yalichukua kigingi kilichoonyesha mahali pa nguzo ya tatu, na msimamizi wa waashi akakipigilia upya kwa kukisia, bila kupima. Walipogundua kimekaa kando hatua tatu, zege la msingi lilikuwa limeshaganda. Ikabidi daraja lote lipindwe liifuate nguzo. Jina la babu limepigiwa mstari.

Niliikunja nikaificha ndani ya blauzi. Sasa iko chini ya godoro, na silali vizuri. Mzee Rula ameuliza mara mbili mchoro wa kwanza uko wapi. Nikasema labda panya. Akasema panya wa ofisi hii wamesoma sana, wanachagua.

Jana babu alikuwa akipiga viatu rangi kwa mara ya tatu. Bila kunitazama aliniuliza kama kwenye masanduku yetu kuna karatasi yenye wino mwekundu. Nikamjibu hamna, babu. Akasema viatu vinambana, pengine Jumamosi hataenda.

Nimevijaza magazeti yaliyolowa maji ili vipanuke. Nataka aende, dada. Atakachosema huko ni chake.

Msalimie shemeji. Na barua hii ichane ukishaisoma. Mzee Rula akijua nitafukuzwa kazi, hilo nitalivumilia. Lakini babu asijue kamwe kwamba nilimjibu hamna huku nikijua.

Ni mimi, mdogo wako