Daftari la Ndoa la Kudha

Jumatatu, 4 Machi
Makasha, makasha. Vitabu vya watu wetu, tulivyokimbia navyo vita kule visiwani. Hapa Mombasa maktaba imevipa chumba, nami ndiye mtunzaji. Mashine ya kupiga picha kurasa tumeazimwa hadi Alhamisi. Vitabu ishirini tu. Nina themanini. Kanuni nimezibandika ukutani: kwanza kisicho na nakala kwingine, kisha kinachooza. Cha marehemu baba nimekiweka juu kabisa. Sioni haya.

Jumanne, 5 Machi
Bi Khadija wa Kudha kaja. Kaleta daftari la ndoa la kisiwa chao. Mumewe ndiye aliyekuwa akiziandika. Linanuka! Bi Khadija alilipaka mafuta ya papa, kama chombo cha baharini, mchwa wasilile. Mchwa hawakulila kweli. Kurasa ndizo zimegandana. Nimecheka hadi machozi, naye pia.

Jumatano, 6 Machi
Bwana Athumani, mkuu wetu, hataki kulisikia. Litachafua kioo cha mashine ya watu. Ana haki, na hilo ndilo linaloniudhi. Nikamwambia halina nakala duniani. Akajibu orodha imejaa: nikilitaka, nitoe kimoja.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeipitia orodha asubuhi, kalamu mkononi. Kila nikifika cha baba, naruka. Na kanuni niliziandika mwenyewe! Nakala yake iko Lamu, baba aliinakili kwa mkono wake. Hakina hata tundu la mdudu. Nimekikata orodhani. Nimelia kidogo chooni, nikanawa uso.
Kisha kazi. Poda ya watoto kunyonya mafuta, plastiki safi juu ya kioo. Bwana Athumani mwenyewe alishika taa. Kurasa tatu zimekataa kubanduka. Nyingine zote tumezipata, na mashine imekwenda zake. Nina furaha, nimechoka.

Ijumaa, 8 Machi
Bi Khadija kaja kuona. Hajui kusoma. Mumewe alipotea baharini siku zile za kukimbia. Hana kaburi, hana hata picha. Nikamfungulia ndoa yao kwenye kompyuta, nikamsomea majina, mahari, mashahidi.
"Mchu huyu ndimi," akasema kwa lugha ya kwao, mtu huyu ni mimi, kidole kwenye jina lake nililomwonyesha.
Akaomba kuona ndoa za wengine. Nikamwonyesha nyingi, kisha akataka turudi kwenye yake. Akaitazama kwa muda.
"Hapa kaandika taratibu. Kwingine kote ana haraka."
Mimi niliyezishughulikia kurasa zile siku nzima sikuwa nimeona. Nikasogea karibu. Ni kweli.