Magadi Katika Chungu cha Mama

Baba,

Sheikh angeniambia nikuombee dua na ninyamaze. Dua nimekuombea, Mungu ni shahidi. Kunyamaza ndiko kumenishinda. Kuna neno limenikaa kooni, na hapa Gisenyi sina wa kumwambia, kwa sababu kila mtu wa mtaa wetu anamjua Mama, na midomo ya mtaa wetu unaijua.

Nikupe habari kwanza. Mama amemaliza eda. Cherehani yako iko palepale karibu na mlango, imefunikwa shuka. Yule mzee wa duka la vitambaa alikuja kuulizia kanzu yake. Ulikuwa umeikata tu, hujaishona. Nikamwambia nitampelekea kwa fundi mwingine, akakataa, akabeba vipande vyake hivyo hivyo kwenye gazeti. Ulimzoesha vibaya. Nilicheka alipoondoka, halafu nikaingia chumbani nikalia kama mtoto, na mimi mwanamume mwenye ndevu.

Kazi yangu imebadilika. Nimeacha lori la kahawa. Sasa naendesha kamioneti ya Mzungu mmoja aliyepanga nyumba mtaa wa Nengo, mtu wa utafiti. Watu wanamwita Muzungu wa Majivu, na jina limemfaa. Tunapanda mpaka Busasamana kukata majani ya malisho, tunashuka kuchota maji ya ziwa na ya amashyuza, ile chemchemi ya maji moto. Akifika nyumbani anayachoma majani mpaka yawe majivu. Mimi nilidhani kichwa chake kina kasoro. Kumbe anatafuta kitu kimoja tu, kinaitwa sodiamu. Ndicho kilichomo ndani ya chumvi. Anataka kujua kiko wapi na hakiko wapi, kwenye udongo, kwenye majani, kwenye ng'ombe na kwenye damu ya watu.

Namna anavyokitafuta ungeipenda, wewe uliyependa kuona kitu kwa macho yako kabla ya kuamini. Anachovya waya kwenye majivu yaliyoloweshwa, anauingiza kwenye moto. Sodiamu ikiwemo, moto unageuka manjano palepale. Majani ya huko juu karibu na volkano yanatoa manjano hafifu sana. Ndiyo maana, anasema, ng'ombe wa kule wanawavuta wachungaji wao mpaka kwenye amashyuza. Mwili unajua unachokikosa. Majivu ya matete ya ziwani yana kitu kingine, na ukiutazama moto wake kupitia kioo cha bluu unaona zambarau. Hata chupa hazimwamini. Siku moja nilimletea maji katika chupa ya bia niliyoiosha vizuri, akayamwaga. Akasema kioo nacho kimepikwa pamoja na sodiamu, na polepole kinaiachia majini. Ajabu ya Firauni. Hata chupa.

Nakuzungusha, Baba. Ninaogopa kufika.

Unakumbuka siku daktari alipokukataza chumvi. Miguu yako ilikuwa imejaa maji, viatu havikuingia, na usiku ulilala umeegemea ukuta ili upate pumzi. Alisema moyo umechoka, na kwamba usile chumvi tena, hata kidogo. Mama aliyashika maneno yale kama aya. Jioni ileile alimpa jirani chumvi yote ya nyumba, akakataa kubakiza hata ya kwake mwenyewe. Wewe ukamwambia hakuna haja wote wawili mule chakula cha hospitali. Akakujibu: "Chungu ni kimoja, mume wangu."

Na wewe ulivyokuwa mchaguzi wa chakula! Ulisukuma sahani kama bwana harusi. Ukasema maharagwe haya ni udongo. Basi Mama akafanya alichoweza. Magadi si chumvi, kila mtu wa huku anajua. Magadi ni ya kulainisha maharagwe, ni ya sombe, yale majani ya muhogo, mama yake alitia, na bibi yake alitia. Akaongeza kijiwe, akaongeza na cha pili, ili maharagwe yalainike na yawe na ladha kidogo mdomoni mwako. Halafu akaanza kwenda kwenye amashyuza kila wiki na kibuyu, kwa sababu watu wanasema maji yale yanatoa ugonjwa miguuni. Ulikunywa ukafurahi. Ulisema: "Hii maji angalau iko na utamu." Alirudi jasho linamtiririka, na ukimsifu alikuwa anaficha uso kwenye kitenge.

Miguu ikazidi kuvimba. Tukasema ni mapenzi ya Mungu.

Sasa sikiliza. Mzungu wangu alinituma soko la Rubavu ninunue kila kitu ambacho watu wa huku wanatia chakulani. Nikaleta chumvi ya dukani, nikaleta magadi, nikaleta majivu. Maji ya amashyuza yalikuwepo tayari mezani. Nilisimama nyuma yake nikitazama waya. Chumvi: manjano. Akausafisha waya, akachukua magadi. Manjano ileile, Baba, mpaka ikamulika ukutani. Maji ya amashyuza, manjano. Yeye alikuwa anafurahi, anaandika. Mimi nikashika meza.

Nikamuuliza: mtu wa moyo, aliyekatazwa chumvi, magadi je? Akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni kitu kilekile, sodiamu ndiyo inayoshika maji mwilini, iwe imetoka dukani au kwenye jiwe. Halafu akacheka kidogo: "Nani atamupatia mugonjwa ile kitu?"

Nilisema sijui, Bwana, nauliza tu. Nikatoka nikakaa ndani ya kamioneti, nikauma mkono wangu.

Simlaumu. Hakujua anamsema nani. Baadaye nilirudi kumuuliza vizuri, akaniambia moyo uliochoka hivyo haudumu, na chakula peke yake hakiponyi. Pengine ungeondoka vilevile, mwaka uleule. Pengine ungekaa ukashona kanzu ya yule mzee. Neno hilo, "pengine", ndilo linalonila. Nikaapa kwamba Mama hatalijua mpaka azikwe. Maji yakimwagika hayazoleki, basi ya nini kumwonyesha mahali yalipomwagikia?

Ningeweza kulimeza, Baba, wallahi. Lakini baada ya Idi nilimwona Mama anavaa ndara zangu badala ya zake. Nikamwambia anyooshe mguu. Nikabonyeza kwa kidole gumba kama yeye mwenyewe alivyokuwa anakubonyeza wewe, na shimo likabaki.

Nikampeleka kwa daktari. Neno lilelile: chumvi basi. Tukarudi polepole tukipita kandokando ya ziwa, anapumua kwa shida, na uso wake umetulia kabisa, hana hofu. Akanishika mkono akasema: "Usiogope, mwanangu. Mi najua namna ya kufanya. Tutafanya kama nilifanyia baba yako."

Sijawahi kusikia maneno mazuri yenye sumu kama hayo.

Sikulala. Nikinyamaza, anakufa kwa mkono wake mwenyewe. Nikisema, anaishi, lakini na nini moyoni? Asubuhi nilimkuta jikoni, kijiwe cha magadi tayari kiko kiganjani. Nikamwambia daktari amekataza na magadi, na amashyuza pia, kwamba nilisahau kumwambia jana. Akakitazama kile kijiwe. Kisha akaniuliza, taratibu sana: "Na ya baba yako, mbona hakukataza?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, mjinga mimi.

Nikasema ugonjwa wako ulikuwa mwingine. Nikasema wako ulikuwa moyo wenyewe, wake ni damu, na kwamba kwako magadi hayakuwa na neno. Nilisema upesi mno. Alinitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nikisema nimeswali. Halafu akasema, "Bon, haya," akakitupa kijiwe nje kwenye majani, akachochea kuni.

Maharagwe yalichemka tangu asubuhi hadi alasiri na bado ni magumu. Anayala. Miguu imeanza kupungua, sasa anavaa ndara zake. Usiku namsikia anageuka kitandani, na sijui kama ni kifua au ni lile swali. Hajaliuliza tena. Sijui kama aliamini, Baba, au kama ameamua kunihurumia.

Kaburi lako nimelipalilia, na kila Ijumaa nitakuja. Mama nitamtunza. Chungu chake nitakilinda kwa macho yangu mawili, na uongo wangu nitaubeba hadi niufikishe huko. Pumzika, fundi wa mji mzima, baba yangu.

Jambo moja tu nakuomba. Siku moja, Mungu aicheleweshe siku hiyo, Mama atafika uliko. Nakujua huwezi kumficha kitu. Lakini akikuuliza, mwambie ilikuwa moyo.

Mwanao.